Tremolo ya amplifaya ya valvu au ya pedali?

Swali hili haliishi kwa wapiga gita. Tuchukue Fender Deluxe Reverb ya miaka ya 1960, amplifaya ya valvu (mirija ya kioo inayokuza sauti), na pedali ya Boss TR-2, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu. (Fender waliandika "Vibrato" kwenye amplifaya hiyo, lakini kinachopanda na kushuka ni ukubwa wa sauti, si noti. Ni tremolo.)

Kwa mlio, amplifaya inashinda. Ndani yake taa ndogo ya neoni humulika rezista inayohisi mwanga, na kwa kuwa rezista hiyo hujibu kwa kuchelewa kidogo, mdundo wake haulingani sawasawa, unapumua. TR-2 ina vitufe vya Rate (kasi), Wave (umbo la mdundo) na Depth (kina). Wave ndiyo inayokupa mkato mkali ambao amplifaya haina. Malalamiko ya kawaida: ukiikanyaga, sauti huonekana kupungua.

Matengenezo ni habari nyingine. Tremolo ya amplifaya ikikata, badilisha kwanza valvu yake ya 12AX7, kisha kagua kapasita 3 za osileta (saketi inayotoa mdundo). Usiguse ndani kabla ya kuziondolea chaji kapasita kubwa. Hubeba zaidi ya volti 400. Pedali inataka volti 9 tu.

Unatumia overdraivu (pedali ya kukwaruzisha sauti)? Tremolo ya amplifaya tayari iko baada yake. Pedali iweke mwenyewe baada ya overdraivu. Ikitangulia, overdraivu itabana mawimbi na mdundo utafifia.

Anayerekodi nyumbani hatajutia amplifaya. Anayepanda daladala kwenda kupiga, kilo 19 zitamchosha.