TAHADHARI: Nimeuziwa kamera ya Nikon D850 iliyochoka kwa kuonyeshwa picha iliyopigwa na kamera nyingine

Ndugu zangu mnaopiga picha, naandika haya hasira bado ziko kooni. Nimeibiwa mchana kweupe, tena mwizi mwenyewe nilimpa mkono na kumshukuru.

Jinsi nilivyohangaika na ile kamera yangu ya zamani mnajua, na kazi ya mwisho wa mwezi mnaijua. Kwa hiyo nilipokutana na tangazo la Nikon D850, moyo uliruka. Ni kamera ya mwaka 2017, lakini megapikseli 45.7 kwenye sensa kamili (kile kipande kinachonasa picha) ya karibu milimita 36 kwa 24 mpaka leo ni kitu kizito kwa mtu wa kazi. Na asije mtu kuniambia ni tamaa. Bei haikuwa ya kutupa, ilikuwa chini kidogo tu ya wanavyouza wengine. Ingekuwa nusu bei ningekimbia.

Tukakutana saa tisa alasiri, mahali alipopachagua yeye. Mtu mzima, mpole, sauti ya chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaanza kuniita mwanangu. Kamera ameifunga kwenye kitambaa, boksi lake lipo, chaja ipo, mkanda bado umo kwenye nailoni. Akaniambia, "Kagua mpaka roho yako iridhike, mwanangu, mimi sina haraka." Nyie mngefanya nini? Tapeli tuliyemzoea ni yule anayekukimbiza utoe hela. Huyu alikaa kimya akiniangalia naikagua karibu nusu saa!

Nikachungulia kioo, safi. Mpira wa kushikia hauna hata mchubuko. Nikamwomba nione idadi ya shata, yaani kile kilango cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapopiga picha kimeshafanya kazi mara ngapi. Hapo ndipo aliponimaliza.

Kamera ilikuwa na kadi yake ya SD ya kuhifadhia picha ndani. Akaniambia, "Piga ule ukuta pale." Nikapiga, picha tatu. Akaitoa kadi kwa mkono wake, akageuka kuchukua laptopu kwenye begi, akachomeka, akafungua picha. Ukuta ni uleule, rangi ileile, mti uleule pembeni. Akafungua taarifa za picha, nikasoma kwa macho yangu: shata 11,240. Kwa kamera ambayo shata yake imepimwa na kiwanda kufika 200,000, hiyo si bado mbichi kabisa? Akaniongezea, "Ngoja nikurushie na faili lenyewe, uwe na ushahidi." Akanirushia kama faili, si kama picha ya kawaida, eti taarifa zisipotee njiani. Mtu anayekupa ushahidi mkononi utamshuku vipi? Nikatuma hela palepale.

Nyumbani nikaweka kadi yangu. Picha ya kwanza nikaipiga dirishani, nikaifungua kwenye kompyuta: 387,916. Nilidhani programu imekosea. Nikapiga nyingine, 387,917. Nikajaribu na programu tofauti, namba ileile. Nikapandisha spidi ya shata hadi 1/8000 ya sekunde, upande mmoja wa picha ukaja na utepe mweusi, kwa sababu mapazia ya shata yamechoka na hayakimbii sawa tena. Kwenye 1/200 huoni kasoro hiyo, na pale ukutani nilipiga kwa spidi hiyo.

Nikalirudia faili lake, nikakaa nalo usiku mzima. Jamani, ile picha si mimi niliyeipiga! Kivuli cha mti kiko upande wa pili. Saa iliyoandikwa ndani ni saa tatu asubuhi. Na namba ya bodi, ile namba ya pekee ya kila kamera, iliyomo kwenye faili si namba ya kamera niliyonayo. Yaani mtu aliamka asubuhi, akaenda kwenye ukuta ule na kamera nyingine nzima, akapiga, akahifadhi kadi, halafu akaniita mimi alasiri nisimame palepale. Alipogeuka kuchukua laptopu alibadilisha kadi. Ananiita mwanangu huku anabadilisha kadi!

Nimempigia, simu imezimwa. Mtu wa namna hii anastahili kufungwa, si kuonywa. Afungwe, na hela ya kila mtu aliyemlia airudishe mpaka senti ya mwisho. Nimeshapeleka malalamiko polisi pamoja na mazungumzo yetu yote, na sitaacha kufuatilia. Watakaosema "samehe, ni riziki tu haikuwa yako" wasiniandikie wiki hii, naomba sana.

Dalili zilikuwepo. Nilitoa kadi yangu nitumie hiyo, akakataa, eti kadi za watu zina virusi. Ule mpira wa kushikia, kumbe umebandikwa mpya, ulikuwa na harufu ya gundi, nikadhani ni harufu ya begi. Jina la faili lilikuwa na namba ndogo nikajiona nimehakikisha, wakati zile tarakimu nne za kwenye jina zikifika 9999 zinaanza upya. Kadi iwe yako, kompyuta iwe yako, na namba ya bodi ilinganishwe na iliyomo kwenye picha uliyopiga wewe mwenyewe sasa hivi. Piga na 1/8000 pia. Mengine nitawaambia kichwa kikitulia.

Fundi ameniambia shata inabadilishika, ila nijiandae kulipa. Kazi ya mwisho wa mwezi nitaazima kamera, mwenye nayo anisaidie.

Na leo asubuhi tangazo limerudi, jina jingine, maneno yaleyale, "shata 11,000 tu, kagua mpaka uridhike". Ile kamera nzima anayo bado, haiuzi, ndiyo chambo chake. Aliyepanga kukutana naye aniandikie kabla hajatoa hela. Nitampa picha zote mbili, ya kwake ya asubuhi na ya kwangu ya dirishani, aende nazo mkononi.