Treni ya Chini ya Ardhi ya Mexico City kwa Macho ya Abiria wa Mwanza

Mtu aliyezoea daladala za Buhongwa, Igoma na Kisesa akiambiwa kwamba kuna jiji ambalo kwa nauli moja anaweza kuzunguka kutwa nzima, atadhani anataniwa. Mexico City ndivyo ilivyo. Nauli ya treni yake ya chini ya ardhi ni peso 5, ambazo hazifiki shilingi 1,000 za kwetu, ushuke kituo kinachofuata au uvuke jiji zima, ubadilishe treni mara moja au mara nne. Ilimradi hujatoka nje ya geti, hudaiwi tena. Waliofikisha miaka 60 na wenye ulemavu hawalipi kabisa. Bei hiyo peke yake inatosha kuisifia huduma, lakini si bei iliyonifanya niandike.

Kilichonifanya niandike ni alama za vituo. Kila kituo, pamoja na jina lake, kina picha yake: Chapultepec ni panzi, Coyoacán ni mbweha wa huko, Talismán ni tembo wa kale mwenye manyoya, kwa kuwa mifupa yake ilifukuliwa wakati njia hiyo ikichimbwa. Treni ilipoanza kazi Septemba 1969, wapo wakazi wengi ambao hawakujua kusoma, na Mmarekani Lance Wyman, ambaye alikuwa amebuni nembo ya Michezo ya Olimpiki iliyofanyika jijini humo mwaka 1968, akachora picha ambazo mtu yeyote angeweza kuzikariri. Matokeo yake ni kwamba mgeni ambaye Kihispania chake kinaishia kwenye salamu huipata njia sawasawa na mwenyeji. Mama mmoja mwenye kapu la matunda aliponiona nimeikodolea macho ramani ya ukutani hakujisumbua kunieleza kwa maneno; aliweka kidole juu ya panzi, akakivuta kwenye mstari wa waridi hadi tulipokuwa, akaniinulia vidole vitatu, yaani vituo vitatu, kisha akaenda zake.

Tangu nirudi nimekuwa nikiigawia Mwanza alama za namna hiyo. Kirumba ingepewa dagaa kwa heshima ya soko la samaki la Mwaloni, Capri Point ingepewa jiwe la Bismarck, Kamanga ingepewa feri. Buzuruga bado sijaipatia jibu. Daladala zetu zimeandikwa majina ya njia, na konda hana uvivu wa kuita, lakini asiyesoma au asiyesikia vizuri bado humlazimu kuuliza, na akijibiwa kwa haraka hubaki palepale alipokuwa.

Kwa mtu wa kandokando ya Ziwa Victoria, kituo cha kukipa muda ni Zócalo, kilicho chini ya uwanja mkuu wa jiji. Humo mmewekwa mifano midogo ya eneo hilo katika vipindi mbalimbali, na mmojawapo unaonyesha Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ukiwa kisiwani ndani ya Ziwa Texcoco, umeunganishwa na nchi kavu kwa barabara za tuta. Wahispania waliuteka mwaka 1521, na baada ya kuteswa na mafuriko wakaanza kuyatoa maji, kazi iliyoendelea kwa karne kadhaa hadi ziwa likabaki jina tu. Sehemu kubwa ya katikati ya jiji, na treni yenyewe, imekaa juu ya udongo laini wa ziwa hilo, na yapo maeneo yanayodidimia zaidi ya sentimita 30 kwa mwaka. Sisi ambao nyumba zetu zimeng'ang'ania miamba ya Mabatini na Bugando, jambo hilo linatupa taabu kulielewa hata tukiliona kwa macho.

Pino Suárez, kituo kinachofuata upande wa kusini, nacho kina cha kuonyesha. Mwaka 1967 wachimbaji wa njia walikuta hekalu dogo la Ehécatl, mungu wa upepo wa Waazteki, nalo likaachwa palepale, likiwa wazi juu, katikati ya korido ya kubadilishia treni. Maelfu hulipita kila asubuhi, na wachache sana hugeuza shingo.

Treni zenyewe nyingi hutembea kwa matairi ya mpira, kwa utaalamu wa Kifaransa, na huondoka kituoni bila kishindo kikubwa. Njia ni 12, ingawa anayezihesabu kwa namba atatatizika, maana baada ya 9 huja A na B, halafu 12. Ya 10 na ya 11 hazipo. Biashara ndani ya mabehewa hairuhusiwi, lakini machinga wa huko hawatofautiani na wetu: anaingia na peremende au waya za simu, anaimba kwa sauti ya puani "diez pesos le vale, diez pesos le cuesta", yaani bei yake ni peso kumi, anashuka kituo kinachofuata, na mwingine anapanda.

Kasoro zipo, tena si ndogo. Asubuhi na jioni msongamano ni wa kutisha, kiasi kwamba mabehewa ya mbele hutengwa kwa ajili ya wanawake na watoto. Mwenye begi kubwa asijaribu saa hizo. Ngazi ni nyingi, na kwa kuwa jiji liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya Mwanza, mgeni huzipanda akihema. Kubwa kuliko yote, Mei 2021 sehemu ya Njia ya 12 inayopita juu ya daraja ilianguka na kuua watu 26, na tathmini yoyote isiyolitaja hilo haijatenda haki.

Pamoja na hayo, kwa kumwongoza mgeni naipa alama zote. Kwa starehe naipa nusu. Mtanzania atakayefika huko aende Jumapili, treni zinapoanza saa 1 asubuhi na mabehewa yana nafasi. Aanzie Zócalo, abadilishe treni Hidalgo, ashike Njia ya 3 kuelekea kusini, ashuke Copilco na kutembea hadi Uwanja wa Olimpiki wa Chuo Kikuu. Mbio za marathoni za mwaka 1968 zilianzia Zócalo na kuishia uwanjani hapo, ambapo John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia akichechemea, goti limefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi.