Kipimo cha metali kwenye maji: ununue kipi ukiwa Dar

Ukiulizia kipimo cha maji Kariakoo, usishangae kupewa kalamu ya TDS. Kwa kujua kisima kina chumvi kiasi gani inatosha, ila metali ya risasi haiioni. Inasoma jumla ya chumvi kwa miligramu, wakati kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha risasi ni mikrogramu 10 kwa lita, na cha kadimi, metali nyingine yenye sumu, ni 3; mikrogramu moja ni sehemu ya elfu ya miligramu. Iondoe kwenye orodha.

Namba moja kwangu ni mashine ya mkononi yenye elektrodi za kutupa (vipande vidogo vinavyopitisha umeme), mfano Palintest SA1100, inayopima risasi na shaba. Unatia dawa kwenye sampuli, unachovya elektrodi, mashine inavuta metali zilizoyeyuka zigande juu yake. Kisha inapandisha volteji taratibu, na kila metali inabanduka kwa volteji yake. Wingi wa mkondo wa umeme unaotoka ndio kipimo chako. Fundi wa visima au mwenye kiwanda kidogo cha maji ya chupa anaizoea haraka.

Kinachouma ni elektrodi. Kila kipimo kinakula moja, nazo zina tarehe ya mwisho na hazipendi joto, kwa hiyo boksi likishinda kwenye gari juani Mbagala umeshajitia hasara. Kabla ya kulipia mashine, ulizia bei ya boksi, mzigo unachukua muda gani kufika, na nani anaulipia ushuru bandarini.

Namba mbili ni Metrohm 946. Hii ndiyo ya kuchukua kama hofu yako ni aseniki au zebaki, kwani inatumia elektrodi ya dhahabu. Inataka mtu aliyesomea kemia, na bei yake ni ya taasisi.

Namba tatu, Sensit Smart ya PalmSens, inachomekwa kwenye simu. Ni ndogo na inavutia, lakini inakupa mchoro tu, kuugeuza kuwa mikrogramu ni kazi yako. Waachie wanafunzi wa Mlimani.

Mwenye kisima kimoja cha nyumbani, usinunue chochote hapa. Peleka sampuli maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Ukinunua, dai na chupa ya myeyusho wa risasi wenye kiwango kinachojulikana. Upime kila asubuhi kabla ya kazi. Na maji yenye tope yatie asidi kwanza, maana risasi iliyoshikana na chembe mashine haiioni, itakuandikia namba ndogo.