Line of Action: mazoezi kwa aliyechoka kuchora fari

Ukichora fari, wale wanyama wanaosimama na kuvaa kama watu, kwa muda mrefu, mkono huzoea njia moja: kichwa cha duara, pua ya mbweha ibandikwe mbele, mkia, basi. Line of Action, tovuti inayokuonyesha picha za kuchora kwa muda uliopangwa, inavunja mazoea hayo vizuri sana, na kuitumia ni bure.

Chagua wanyama, kisha darasa la dakika 30: michoro 10 ya sekunde 30, 5 ya dakika 1, 2 ya dakika 5, na mmoja wa dakika 10. Sekunde 30 hazitoshi manyoya. Zinatosha uti wa mgongo, kifua na nyonga, na hapo ndipo udhaifu hujitokeza. Tazama mguu wa nyuma wa mbwa: kinachofanana na goti lililopinda kinyumenyume ni kifundo cha mguu, goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ukikosea hapo, mnyama akisimama anaonekana anaanguka.

Upungufu wa tovuti hii ni kwamba picha hazizunguki, hivyo unene wa fuvu hauonekani kwa urahisi. Anza na boksi la kichwa, kisha chomeka kabari ya pua. Penseli 2B, karatasi za bei rahisi, na kifutio kikae mbali.