Mbegu za sukuma aina ya Georgia: panda Julai, vuna jalidi ikishaanguka

Mkenya mgeni akifika hapa Columbus, Ohio, haipiti wiki kabla hajauliza sukuma wiki ya kweli inapatikana wapi. Ile iliyojikunjakunja ya dukani haimridhishi, na haki yake. Mimi humwelekeza kwenye pakiti ya mbegu iliyoandikwa Georgia, au Georgia Southern. Ni mbegu ya zamani ya majimbo ya kusini mwa Marekani, na huko Kenya maduka ya pembejeo pia huiuza, kwa hiyo huenda ndiyo uliyokula utotoni bila kujua jina lake. Pakiti ni dola tatu na ushee. Gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 200, na nyumba ya watu wanne inatosheka na miche dazeni moja.

Sharti lake ni wakati. Pakiti niliyonunua inasema panda Aprili, baridi ikianza kulegea. Ukifuata hayo utavuna Julai, kwenye joto kali, majani yamekakamaa na yana uchungu, na viwavi wa kijani wa kabichi wameshayatoboa. Sia mbegu Julai, kitaluni, chini ya kivuli, kina cha nusu sentimita. Agosti hamishia miche shambani, uiachanie sentimita 50, na samadi iliyooza vizuri usiipunje. Funika kwa wavu mwembamba mpaka vipepeo vyeupe vipungue.

Kisha subiri. Hapa jalidi ya kwanza huanguka katikati ya Oktoba, ule unga mweupe wa barafu unaoukuta juu ya majani alfajiri. Mchicha unakufa usiku huo huo, kunde nazo, nyanya nazo. Sukuma haitikisiki, inastahimili hata nyuzi 7 chini ya sifuri. Baridi ikiibana, hugeuza wanga wake kuwa sukari ili maji yaliyomo ndani ya majani yasigande upesi. Utamu huo wa sukuma ya Novemba mimi sikuwahi kuuonja hata kwetu Wundanyi, na Taita ni nchi ya mboga.

Kwenye bustani tunayochangia mtaani, jirani wa shamba langu ni mama mmoja mzee kutoka Alabama. Yeye hagusi jani hata moja kabla ya jalidi, na ndivyo alivyofunzwa na mama yake. Hupika sukuma yake saa nzima na zaidi, pamoja na bawa la bata mzinga lililokaushwa kwa moshi, na ile supu ya kijani inayobaki huchovya mkate wa mahindi. Alitupa bakuli moja, sisi tukachovya ugali. Tangu siku hiyo namwita shangazi.

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote mwakani. Asubuhi tunang'oa mabua ya mahindi, tunaokota boga la mwisho na nyanya za kijani tulizochuma kabla ya jalidi tunazitoa sandukuni. Sukuma tunachuma majani ya chini tu, kile kichwa cha juu tunakiacha kiendelee kuchipua. Mchana mke wangu, mzaliwa wa Mombasa, analikamata boga: tui zito, iliki, sukari kidogo. Sukuma ni kazi yangu. Naondoa uti wa jani, maana wa Georgia ni mnene kweli na hauivi pamoja na jani. Hiyo ni kasoro ya mbegu yenyewe. Nakunja majani, nakata nyembamba kabisa. Kitunguu kikilainika natia nyanya za kijani, zinaleta ukali mzuri dhidi ya ule utamu, kisha majani, bila maji, bila kifuniko. Dakika tano zinatosha. Chumvi mwisho.

Kwetu shina moja unalichuma mwaka mzima na zaidi mpaka linakupita urefu. Hapa usitarajie hivyo: baridi ya Januari ikizidi mche unakufa, na ukinusurika, majira ya machipuko utatoa maua badala ya majani. Mbegu zake unaweza kuzitunza, lakini kama jirani ana kabichi au brokoli inayochanua wakati huo, zitachanganyika na hutajua utapata nini.

Naipa nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu ya ule uti na maelekezo ya Aprili. Zinazobaki kwenye pakiti zifunge kwenye chupa kavu uziweke kwenye friji, zitaota tena mwaka kesho na hata wa tatu.