Arturia KeyStep na Volca mbili: mimi nanunua mgongo

Habari zenu wadau, karibuni. Mezani leo kuna kibodi ya Arturia KeyStep, ile ya vibonye 32 vidogo, isiyo na sauti yake yenyewe bali inaendesha mashine nyingine. Pembeni yake kuna Korg Volca Keys, sintesaiza ndogo, na Volca Beats, mashine ya ngoma. Wachambuzi wengi huanza na vibonye. Mimi naigeuza. Sogezeni macho huku nyuma, maana hapa ndipo hela yenu inapokwenda.

Kuna USB. Kuna MIDI ya kuingia na ya kutoka, yaani lugha ambayo vyombo vya muziki hutumia kuambiana noti na kasi, kupitia zile plagi za duara zenye pini tano ambazo zipo tangu 1983 na bado hazijastaafu. Kuna sync ya kuingia na ya kutoka, yaani mapigo ya umeme ya kuzifanya mashine ziende kasi moja, na matundu ya CV, yanayotuma noti kwa volti, kwa wenye sintesaiza za modula, zile zinazoungwa vipande vipande. Kibodi nyingi za saizi hii zinakupa USB tu, basi, bila kompyuta hazina kazi.

Sasa tuunge. Waya wa MIDI unatoka KeyStep unaingia Volca Keys. Kutoka Volca Keys, waya mdogo wa sync unakwenda Volca Beats. Hapo KeyStep ndiyo inayopiga saa, yaani inatoa kasi, na wengine wote wanafuata. Hakikisha chaneli za MIDI, yaani namba za njia ya ujumbe, zinalingana: kwenye KeyStep unashika Shift na kubonyeza kibonye chenye namba yako, kati ya 1 na 16. Kwenye Volca, unaiwasha huku umeshika kitufe cha Memory, kisha unachagua.

Mtu ataniuliza, mbona usitoe sync moja kwa moja kutoka KeyStep? Inawezekana. Unaingia kwenye MIDI Control Center, programu ya Arturia ya kompyuta, unachagua aina ya saa ya Korg, maana Volca inataka mapigo mawili kwa kila robo noti. Lakini mimi natanguliza MIDI kwa sababu ya kelele. Ndani ya tundu la MIDI la kuingia, ujumbe unavuka kwa mwanga, kwa hiyo umeme wa vifaa viwili haugusani. Waya wa sync hauna kinga hiyo. KeyStep ikiwa imechomekwa kwenye laptop inayochaji, ule mlio mwembamba wa laptop unaweza kupita humo na kuingia kwenye rekodi yako.

Haya, sauti. Hapa ndipo watu wanarudisha mashine dukani bure. Ukiacha spika yake ndogo ya ndani, Volca Keys haina njia nyingine ya kutoa sauti zaidi ya tundu la hedifoni, na kushoto na kulia zinatoa kitu kilekile. Ukichukua waya wa stereo, ukaupeleka kwenye tundu moja la saundikadi (kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta) lililo balansi, yaani linalopokea njia mbili na kusoma tofauti yao, lile tundu linatoa njia moja kutoka kwa nyingine, kama hesabu ya kutoa. Zikiwa sawa, jibu ni sifuri! Unabaki na kimya, au sauti dhaifu kama ya redio ya jirani. Nunua waya unaogawanyika, stereo ndogo upande mmoja, plagi mbili za mono upande wa pili. Chomeka moja tu, inatosha, na tundu la pili la saundikadi linabaki kwa Beats.

Umeme ukikatika, Volca zinaendelea na betri sita za AA, na KeyStep inakula paua benki. Kwa hili naipa alama za juu.

Kasoro? Vibonye ni vidogo, mpiga kinanda wa kanisani hatavipenda. Na tempo inaishia 240. Nyie wa singeli mnaopita hapo, wekeni nusu, yaani 260 iwe 130, kisha zungusheni Time Div, kitufe cha kugawa noti, hadi 1/32. Inakubali.

Kama kila kitu unafanyia ndani ya laptop, usiinunue, kibodi ya USB ya bei ya chini itakutosha. Lakini kama una mashine mbili au tatu ambazo hazisikilizani, hii ndiyo ningeanza nayo kabla ya sintesaiza nyingine yoyote.

Nazima kompyuta sasa, nabonyeza Play. Vaeni hedifoni, besi ya Volca haisikiki kwenye spika ya simu.