Avatar: Frontiers of Pandora kwenye PS5, gemu la kuchezwa taratibu

Kwa wanaouliza kama hili gemu linastahiki pesa yake, jawabu langu ndiyo, tena ndiyo kubwa, ila naeleza kwa urefu maana naona wengi wanalifanya gemu la kupiga risasi tu basi, wanakimbia huku na huku, wanachoka, wanarudisha CD dukani wakisema halina maana. Ukilicheza hivyo umelionea. Kilicho humu ni Pandora yenyewe, ule mwezi gemu linapochezwa, ardhi yake na vita vilivyopita juu yake, na hivyo vita huvifahamu mpaka uijue ardhi kwanza.

Pale tunapochezea gemu hapa Wete, Pemba, mabishano hayeshi, kwa hiyo niseme mapema, Pandora si sayari. Ni mwezi, unazunguka sayari kubwa ya gesi inayoitwa Polyphemus, na hiyo sayari inazunguka nyota ya Alpha Centauri A. Mwezi na sayari yake ni vya kubuni lakini nyota ni ya kweli, iko kama miaka 4.37 ya mwanga kutoka kwetu, na mwaka 2025 wanasayansi walitangaza kwamba darubini ya James Webb imeona dalili za sayari kubwa ya gesi hukohuko, bado haijathibitishwa, lakini mie mwili ulinisisimka wallahi. Ukiwa ndani ya gemu simama uitazame Polyphemus ilivyotanda juu, usipite tu.

Sasa historia. Watu wa duniani walikwenda kule kuchimba madini, kampuni yao RDA, wakauangusha mti mkubwa uliokuwa ndo makaazi ya wenyeji, Na'vi, vita vikapiganwa mwaka 2154 na wageni wakashindwa wakatimuliwa. Hiyo ni ile filamu ya Avatar ya 2009. Gemu lenyewe lilitoka Desemba 2023 na linamchukua mtu ambaye filamu haikumgusa, wewe ni mtoto wa ukoo wa Sarentu, RDA walikuchukua mdogo wakakutia kwenye skuli yao ili ukue kwa mila zao, na siku wanakimbia mkuu wao Mercer akataka watoto nyote muuwawe. Mwalimu wenu Alma akakulazeni kwenye mashine za usingizi wa baridi. Mnaamka zaidi ya miaka 15 imeshapita, RDA washarudi na wamejenga upya, na wewe hujui chochote cha kwenu, hujui matunda, hujui wanyama, huwajui hata watu wako. Ndo maana nasema usikimbie. Yule mtoto anajifunza nchi yake upya na wewe unajifunza pamoja naye.

Ramani ina sehemu tatu kubwa na kila moja vita vyake mbali. Kinglor Forest ni msitu mnene, wanakaa Aranahe, mafundi wa kusuka, mule unajificha kwenye majani na mashine zao zinapita pembeni hazikuoni. Upper Plains ni uwanda mpana wa Zeswa, watu wa kuhamahama wanaofuatana na wanyama wakubwa waitwao zakru, na hapo yakhe hakuna pa kujificha, helikopta yao inakuona toka mbali, lazima upande mnyama ukimbie au uruke na ikran, yule mnyama mwenye mabawa Na'vi wanaempanda angani. Clouded Forest ni ukungu na mabonde, Kame'tire, waganga waliochagua kujitenga. Ukifika hapo unafahamu mwenyewe kwa nini kila ukoo una msimamo wake kuhusu vita, waliojificha ardhi yao iliwaruhusu kujificha. Hata kwetu, vita vya 27 Agosti 1896 Unguja vilikwisha chini ya saa moja kwa sababu kasri lilikuwa pwani na manowari za Waingereza zimetia nanga mbele yake. Mahali ulipo ndo panapoamua.

Kitu kilichonishika zaidi ni kambi za RDA. Ukikaribia, rangi inakufa, majani yamenyauka, maji machafu, hewa nzito, hata matunda ya pale huyataki. Unaingia kimya, unaharibu pampu moja baada ya nyingine, na mtambo wa mwisho ukizimika unaona majani yanarudi mbele ya macho yako. Na kuchuma nako! Huvuti tunda tu, unazungusha kijiti cha pedi taratibu mpaka upate upande wake, unahisi mtetemo mkononi, ndo unavuta. Ukilivuta vibaya linaharibika. Mengine yanataka mvua, mengine usiku. Mtu aliyekulia kwenye mikarafuu atalielewa hili upesi kuliko yeyote.

Kupigana kwenyewe kuzuri, wewe una urefu wa kama mita tatu, binadamu wadogo mbele yako na hewa ya kule sumu kwao, wanavaa maski, na zile mashine wanazovaa unaweza kupenyeza mshale kwenye kioo ukampata dereva. Lakini kambi zinafanana mno, ukishavunja nyingi unajua kila kitu kitakavyokuwa. Wale binadamu wanaokusaidia pia, mazungumzo marefu na hayaingii moyoni. Kiswahili hakimo, na maandishi madogo, kwenye tivii ndogo utaumia macho.

Ushauri wangu, ukianza nenda kwenye setingi uchague ule mfumo wa kuvumbua mwenyewe, si wa kuongozwa. Hapo hupewi alama ya kufuata, unaambiwa tu kaskazini ya mto fulani, karibu na mwamba fulani, unatafuta. Vaa hedifoni kama unazo, sauti za msitu zinakwambia mnyama yuko wapi kabla hujamuona. Na kama unakodi kwa saa, usianze hadithi kuu siku ya kwanza, tembea tu Kinglor Forest, jifunze kuchuma na kuwinda, Mercer atakusubiri.